Mtoto akirudi na matope: uzi mrefu kuhusu udongo wa kuchezea hapa Lubumbashi, Kongo

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Jambo kwenu wote. Nafundisha watoto wa shule ya awali, materneli kama tunavyosema huku kwetu, huu mwaka wa 14. Wiki iliyopita, saa ya kutoka, mama mmoja alikuja mlangoni ameshika tabulie, ile aproni ya shule, ya mtoto wake kwa ncha za vidole. Ilikuwa nyekundu kuanzia kifuani mpaka chini. Akaniambia, "Mwalimu, mimi nalipa mtoto asome, kumbe huku anachezea potopoto?" Siku ile sikumjibu vizuri. Watoto wengine walikuwa wananivuta sketi, wazazi wamejaa mlangoni. Nimekaa na swali lake siku nne, na naona ni swali la haki. Wazazi wengi wanalo ila hawalisemi. Basi nalijibu hapa kwa kirefu, mnivumilie.

Kwanza niwaambie mtoto yule alifanya nini asubuhi ile.

Mvua za kwanza zimeshaanza, mnajua. Nyuma ya darasa letu tuna lundo la udongo wa kichuguu, mabeseni mawili ya maji, makopo matupu ya nyanya, chupa za plastiki zilizokatwa na vijiko vilivyopinda. Mtoto ana miaka 4. Darasani ni mkimya sana, ukimuuliza rangi anaangalia chini. Alichukua kopo la maji akalimwaga lote juu ya udongo. Ukawa uji. Akaingiza mkono, akautoa, akautazama unavyochuruzika. Akaenda kuchota udongo mkavu kwa viganja, akaongeza. Bado laini. Akaongeza tena. Sasa ukawa mgumu, akajaribu kuufinyanga mpira ukapasuka. Akarudi kwenye maji, lakini safari hii hakumwaga kopo zima, alichovya vidole na kunyunyiza. Nilihesabu: alianza upya mara sita. Mara ya sita mpira ukashika. Akageuka akamwita mwenzake, "Leta mayi kidogo! Kidogo tu, si ile yote!" Wenzangu mnaofundisha mtanielewa. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizosikia kwake tangu masomo yaanze mwezi wa tisa.

Hakuna aliyempa zoezi. Alikuwa na kitu anachokitaka, udongo ukawa unamkatalia kila mara na kumwonyesha amekosea wapi. Mimi nikisema "si hivyo", mtoto ananiangalia usoni kujua kama nimekasirika. Udongo ukipasuka anauangalia udongo.

Sasa maji na chupa. Mtoto akimimina maji kutoka chupa nyembamba kwenda beseni pana, anaona yamekuwa machache. Akirudisha, yamejaa tena. Piaget, yule mwanasaikolojia wa Uswisi, aliwapa watoto vidonge viwili vya udongo vilivyo sawa, kisha akakisokota kimoja kuwa kirefu kama soseji. Wengi walio chini ya miaka 7 hivi watakwambia kile kirefu ndicho chenye udongo mwingi. Huwezi kumfundisha jibu kwa kumkaririsha. Lakini mwaka 1969 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Mexico kwa watoto wa wafinyanzi wa vyungu, waliokua mikono ikiwa ndani ya udongo wa wazazi wao. Watoto hao walielewa kuwa kiasi cha udongo hakibadiliki kwa kubadilika umbo, na waliwashinda watoto wa rika lao ambao wazazi wao hawakuwa wafinyanzi. Nikisoma hilo nawaza bibi zetu waliofinyanga mitungi huku wajukuu wamewazunguka.

Na mkono wenyewe. Mzazi ananiambia, "Mtoto wangu ana miaka 4, mbona haandiki jina lake?" Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa 8 midogo. Mtoto anapozaliwa, hata mmoja haujawa mfupa, yote ni gegedu, laini kama ya sikio. Inakomaa polepole, na wa mwisho huanza kuwa mfupa akiwa na miaka 9 mpaka 12. Ukimkalisha kushika kalamu saa nzima anachoka, anachukia. Mwache akande udongo, akamue kitambaa chenye maji, abane, achimbe, abebe kopo lililojaa bila kulimwaga. Vidole vitakavyoshika kalamu kesho vinapata nguvu pale.

Nasubiri maoni yenu, hata ya kunipinga.

Mama_Wawili aliandika:

Mwalimu, jambo. Niko Katuba. Nimesoma yote na nimeguswa, lakini mambo haya naona ni ya Wazungu wenye mashine za kufulia. Mimi nafua kwa mkono, maji nanunua kwa bido, yaani madumu, na sabuni unajua bei yake. Mtoto akichafuka kila siku nani atafua? Halafu majirani watasema huyu mama hana matunzo.

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Mama, asante kwa kusema waziwazi. Umesema mawili, niyatenganishe.

La Wazungu, hapana. Sisi wenyewe tumekua hivi. Nani hapa hakupika bukari, yaani ugali, ya udongo kwenye kopo, na sombe, yaani kisamvu, ya majani ya ukoka, mboga tayari, "karibuni wageni"? Wavulana wakitengeneza motokari za waya na kuzichorea barabara kwenye mchanga. Wenzetu wa Ulaya nao ilibidi wapigane kuipata nafasi hiyo. Fröbel alipoanza shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, aliwapa bustani wachimbe kwa mikono yao. Mwaka 1914 dada wawili wa ukoo wa McMillan walifungua shule ya watoto wadogo chini ya anga huko Deptford, mtaa wa maskini wa London, kwa sababu watoto walikuwa wanaugua na kudumaa ndani ya vyumba vyenye giza. Watoto wa maskini, mama. Si wa matajiri.

La kufua, uko sahihi kabisa na ni kosa langu mimi mwalimu. Nilipaswa kuliona kabla ya mama yule kusimama mlangoni na tabulie. Kuanzia wiki hii kila mtoto ataleta fulana kuukuu ya baba yake. Itavaliwa juu ya nguo, inafika magotini, mikono tunaikunja. Ikichafuka inaanikwa palepale shuleni, udongo ukikauka tunaukung'uta, inatumika tena kesho. Tabulie inarudi nyumbani ilivyokuja. Na matope hayatakuwa kila siku. Yatakuwa siku mbili kwa juma, mtaambiwa ni zipi.

La majirani sina dawa yake. Ila nakuomba usimpige mtoto kwa sababu ya doa.

Baba_K aliandika:

Mwalimu nakuheshimu, lakini umeruka jambo kubwa. Hapa ni Lubumbashi. Udongo wetu si udongo wa kijijini. Nimefanya kazi karibu na kiwanda cha kuyeyusha shaba zaidi ya miaka 20. Kuna mahali hata majani hayaoti. Unataka watoto waingize mikono humo?

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Baba, hili ndilo lililonifanya niandike uzi badala ya kumpigia simu yule mama. Nimelifikiria kuliko mengine yote.

Ni kweli. Jiji letu lilianzishwa 1910 kwa ajili ya shaba, na tangu 1911 tanuri zilikuwa zinatoa moshi. Upepo wetu wa kawaida unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo miaka yote ile moshi ulikwenda kaskazini-magharibi ukashuka huko na madini yake. Ukipita mtaa wa Penga Penga, upande huo, unaona ardhi iliyobaki uchi, na watu wa kilimo wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu hata kuotesha nyasi zinazovumilia shaba ili udongo usipeperuke. Mwaka 2009 watafiti wa chuo hichohicho, pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda walikuwa na metali ya kobalti nyingi mno, na watoto waliwazidi watu wazima.

Kwa nini watoto? Kwa sababu mkono wa mtoto unaenda mdomoni siku nzima, na yuko karibu na ardhi ambako vumbi linatua. Na risasi, namaanisha ile metali nzito, mwili wa mtoto mdogo huinyonya mara 4 au 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Inagusa ubongo, yaani palepale tunapopajenga kwa mchezo. Jirani zetu wa Kabwe, Zambia, mgodi wao wa risasi ulifungwa 1994, lakini udongo wake unaumiza watoto mpaka leo.

Kwa hiyo simwambii mzazi yeyote, "Mwache mtoto achezee udongo wowote." Namwambia udongo wa mtoto huchaguliwa kama chakula chake kinavyochaguliwa.

Sichukui udongo wa kando ya barabara kubwa, maana petroli yenye risasi iliuzwa Afrika kusini mwa Sahara mpaka mwanzoni mwa 2006 na kilichoanguka chini hakikuondoka. Sichukui karibu na wanaovunja betri za magari, wala karibu na wanaoosha na kununua madini, wala chini ya ukuta wenye rangi kuukuu inayobanduka. Mawe meusi ya taka za tanuri, ambayo watu humwaga uani kujaza mashimo, sitaki kuyaona karibu na watoto. Na lile jiwe la kijani zuri, malakiti, watoto wanalipenda, wanaliweka mfukoni na mdomoni. Ni shaba. Mwondoleeni kwa upole na mpeni kokoto ya mtoni.

Kuna jambo lingine wazazi hawalioni. Vumbi ni baya kuliko tope. Udongo uliolowa unakaa mkononi na mkono unaoshwa. Vumbi la mwezi wa saba na wa nane linaingia puani, kwenye bukari, kwenye godoro. Nyumba ambayo mtoto hachezi nje kabisa, lakini baba anarudi kutoka mgodini na nguo zake na sakafu inafagiliwa kavu, mtoto humo anaweza kumeza vumbi zaidi ya mtoto wangu mwenye tabulie nyekundu. Nguo za kazi zivuliwe nje. Sakafu ipigwe kwa kitambaa kibichi. Risasi haipiti kirahisi kwenye ngozi, inaingia kwa mdomo, ndiyo maana sheria yangu moja isiyovunjwa ni hii: hakuna anayegusa chakula kabla ya kunawa kwa sabuni mpaka chini ya kucha. Na hawachezi na njaa. Tumbo tupu hunyonya risasi zaidi, na mwili uliopungukiwa chuma na kalisi vilevile. Tunakula kwanza. Maharage, sombe, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, hivyo vinasaidia.

Fundi_Briki aliandika:

Mimi ni fundi wa matofali. Mwalimu anaposema kichuguu anasema sawa. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi, hauna mawe, unashika. Ndiyo sisi tunautafuta kwa matofali, na wazee walijengea nao tanuri za kuyeyushia shaba zamani kabla ya kampuni za migodi. Lakini jihadharini. Mchwa wanatoa udongo chini sana. Watafuta madini wanapima vichuguu ili wajue chini kuna nini! Kichuguu kilicho juu ya madini kina madini.

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Fundi, hilo la watafuta madini nimelisoma mara mbili, asante sana. Lundo letu lilitoka shamba la shemeji yangu njia ya Kasenga, mbali baada ya kuvuka Ruashi, ambako wanalima mahindi na hakuna aliyechimba. Hata hivyo nitauliza kitivo cha kilimo kama wanaweza kutupimia kopo moja. Ikibidi tutachanga.

Na kwa kuwa uko hapa niseme jambo ulilonifundisha bila kujua. Mwaka jana watoto walitengeneza vyungu, tukavianika, vyote vikapasuka. Walilia. Msichana mmoja wa miaka 5 ambaye baba yake anafyatua matofali akasema, "Hamukuweka majani." Tukakata nyasi kavu, tukachanganya. Vingine bado vilipasuka, vitatu vikabaki wima. Viko dirishani mpaka leo.

Nesi_Ruashi aliandika:

Niongeze la minyoo, maana hamjaligusa. Mayai ya askaris, mnyoo wa tumboni, yanaweza kukaa kwenye udongo miaka, na safura inaingia kwa ngozi ya mguu. Lundo lenu lifunikwe usiku, kuku, paka na mbwa wasipande. Choo kiwe mbali. Watoto wavae kandambili au buti. Dawa ya minyoo tunatoa kuanzia mtoto anapotimiza miezi 12. Akiwa chini ya miaka 2, albendazoli ni nusu kidonge, miligramu 200. Akizidi hapo miligramu 400. Angalieni pia kadi ya chanjo: penta ya wiki ya 6, 10 na 14 ina kinga ya pepopunda, na udongo ni nyumba ya pepopunda. Na maji, tafadhali. Mtoto mdogo anazama kwenye beseni lenye maji ya kina cha vidole vichache. Mchezo ukiisha maji yamwagwe, yasibaki, maana mbu nao huzaliana humo.

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Dada nesi, yote nimeyaandika ukutani. La kufunika lundo tulikuwa tunalisahau, nakubali. Sasa tuna hema la plastiki na mawe manne.

Watu wengine wananiandikia kando kwamba "uchafu unajenga kinga." Kuna kweli ndani yake, lakini msiichukue nusu. Huko Finland walileta udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya shule za watoto wa miaka 3 hadi 5. Kazi ile ilitolewa 2020, na watoto waliopimwa walikuwa 75. Baada ya siku 28 tu, vijidudu vya kwenye ngozi yao vilikuwa vya aina nyingi zaidi, na damu ilionyesha kinga inayojidhibiti vizuri zaidi. Ni habari njema. Ila ule ulikuwa udongo wa msitu safi, katika nchi ambayo choo cha jirani hakifuriki mvua ikinyesha. Hapa kwetu mtaro ukifurika kipindupindu kinakuwa karibu. Maji ya mtaro si ya kuchezea, hata mtoto alie namna gani.

Yaya_Mdogo aliandika:

Jambo mwalimu. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na miezi miwili. Kila kitu mdomoni. Nifanyeje naye? Nimtie kwenye udongo au nisubiri?

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Mdogo wangu, subiri na udongo. Kwa umri wake mdomo ndio mkono wa tatu, anajua vitu kwa kuvionja, na kumkemea hakusaidii. Mpe vitu ambavyo akivila havimdhuru. Uji mzito wa mahindi uliopoa kwenye sahani. Bukari iliyopoa aikande, ajipake hata usoni. Embe lililoiva, msimu ndio huu, mvue nguo zote, mketishe kivulini kwenye kikwembe, yaani kitenge, na umwachie nusu embe bila kokwa. Nimeona mtoto akikaa na embe dakika 20, anabonyeza, linateleza, analifuata. Maji ya uvuguvugu na sponji, wewe ukiwa umeketi hapohapo, si jikoni. Majani makubwa ya mgomba ambayo hayajapuliziwa dawa. Maharage makavu na mahindi usimpe, yanakaba, na mengine wanayaingiza puani.

Na useme naye. Si kumhoji, useme tu: "Linateleza eeh. Baridi. Limekushinda, limekimbia." Maneno yakija wakati kidole kinahisi, yanabaki. Huyu wangu wa miaka 4, siku ile ya tabulie, alijua *mtelezo*, *zito*, *limepasuka*, *kidogo tu*. Kwenye picha za ukutani nilikuwa nimemwonyesha maneno yale mara ngapi.

Mama_Wawili aliandika:

Mwalimu, fulana ya baba yao nimeipata, ya kampeni ya zamani, kubwa kabisa. Mkubwa ameivaa jana nyumbani akachimba uani, amepata mnyoo wa ardhini, amekuja kuniuliza kama una mama. Sikujua nimjibu nini.

Mwalimu_Kampemba aliandika:

Mwambie mtaulizana, mkautazame pamoja unavyojikaza na kujinyoosha. Kisha aurudishe penye unyevu, jua litaukausha.

Kwa wazazi wa mtaa wetu wa Kampemba: Jumanne na Alhamisi ndizo siku za udongo, kuanzia saa tatu baada ya uji. Bado nahitaji mabeseni mawili yasiyovuja, sabuni za vipande, na mtu mwenye kigari cha kuleta magunia sita ya udongo kutoka njia ya Kasenga kabla mvua kubwa hazijaharibu barabara. Fundi, kama utakuwa na nafasi Alhamisi, watoto watafurahi kuona kalibu ya matofali. Njoo na kalibu moja ndogo.